Waliponiita Ndumilakuwili

Nilipokuwa na umri wa miaka 16 niliwaambia wanafunzi wenzangu wa sekondari kwamba navutiwa na wavulana na wasichana pia, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimekwisha kupewa jina jipya: Ndumilakuwili. Liliniuma kuliko matusi ya wazi, kwa sababu lilinifanya mwongo katika jambo nililolisema kwa ukweli mtupu.

Ubaguzi tunaokutana nao sisi una sura yake, kwani huanza kwa kukana kwamba tupo. Wengine walidai kuwa natafuta kuonekana. Hata msichana aliyependa wasichana wenzake, ambaye nilimtarajia anielewe, alinitaka kwanza nichague upande. Nikiwa na mvulana, walisema nimepona. Nikimpenda msichana, walisema sasa nimefichuka. Kosa langu lilikuwa kuwaletea ushahidi. Niliwaeleza hata kipimo cha mwaka 1948 cha mtafiti Mmarekani Alfred Kinsey, kinachoanzia 0 (kuvutiwa na jinsia tofauti tu) hadi 6 (kuvutiwa na jinsia yako tu) na chenye ngazi kadhaa katikati, nao wakazidi kucheka (sijui nilitarajia nini kwa kuwahutubia watu wakati wa mapumziko). Wewe usijitwike mzigo huo. Hata kama hujawahi kuwa na mpenzi, unayajua yaliyo moyoni mwako, na anayedai uthibitisho hatatosheka na wowote.

Kabla hujamwambia mtu yeyote shuleni, jiulize: habari ikifika nyumbani jioni hiyohiyo, utalala wapi na nani atakulipia karo? Kama jibu linakutia hofu, kunyamaza kwa sasa si unafiki. Ukiamua kusema, anza na yule aliyewahi kukutunzia siri ndogo, si darasa zima kama nilivyofanya mimi.

Maneno yalipogeuka kuwa kusukumwa kwenye ngazi, nilianza kuandika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Mwalimu wa kwanza niliyemwendea aliniambia kuwa nimejitakia. Wa pili, mtunza maktaba, alizisoma kurasa zangu tatu kimya, akauliza kama ninaweza kumwachia nakala, kisha akaenda nazo mwenyewe kwa mkuu wa shule. Kusukumwa kukakoma. Jina lenyewe lilidumu hadi mtihani wa mwisho, ila nilikuwa nimeacha kugeuka nikiitwa.