Simba alikuwa ameshasema

Mwezi wa pili mbwa wangu Simba alimuuma mtoto wa dada. Hapa Majengo, mjini Goma, kila jirani alikuwa na jibu lake: mbwa ameharibika, mfupishie kamba, muuze. Mmoja aliapa kwamba nilimlisha pilipili akiwa mdogo. Sikumlisha, na pilipili haimpi mbwa ukali, inamchoma tumbo tu.

Tuliosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali mbio, maana kichaa cha mbwa hakina mzaha. Simba alikuwa na chanjo, lakini tulimfungia uani siku 10 kumwangalia. Hapo ndipo nilipoona yaliyokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Anatikisa kichwa. Anakwaruza sikio la kushoto kwa mguu wa nyuma. Ukipeleka mkono upande ule, anageuza uso. Daktari wa mifugo alipolifunua sikio, harufu ilitujaa puani. Ndani kulikuwa na usaha, na mtoto alikuwa amelivuta sikio lilelile.

Kinachoniuma mimi ni kwamba Simba alikuwa ameshasema. Wiki kadhaa kabla ya hapo, kila nikimpapasa kichwa ananguruma, nami nampiga kandambili, eti hana adabu. Akajifunza kunyamaza. Maumivu yakabaki, onyo likaondoka, akabakiwa na meno tu. Mbwa wako akinguruma, ondoa mkono, kumbuka ulikuwa umegusa wapi, na nani alikuwa karibu. Matone ya dawa yalimtuliza ndani ya wiki mbili. Hata hivyo watoto hawachezi naye bila mtu mzima kuwepo.

Simba pia hubwekea tshukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo hakuna ugonjwa. Tshukudu inateremka kutoka Kibumba imejaa kabichi, mbao zinagonga mawe ya volkano, Simba anabweka, tshukudu inapita zake. Kwa hesabu yake, yeye ndiye aliyeifukuza! Ushindi kila asubuhi, ataachaje? Nami nikimpigia kelele, nadhani aliona nimekuja kumsaidia kubweka.

Siku hizi nikiisikia kwa mbali, namwita nyuma ya nyumba na kumpa sambaza mbili, wale samaki wadogo wa ziwani, kabla hajaanza. Ilichukua karibu miezi miwili. Sasa mbao zikigonga mawe, anakuja mwenyewe kunitazama mkono.