Dola 50 za nyongeza na hesabu isiyofanywa

Hapa Lubumbashi mtu akisema amepata kazi mpya, swali la kwanza ni: wanalipa ngapi? Jibu likipita mshahara wa zamani kwa dola 50, barua ya kuacha kazi inaandikwa usiku uleule. Lakini iko pesa isiyoonekana kwenye fishi, yaani karatasi ya mshahara, ambayo huongezwa na miaka tu. Anayehama kazi kila baada ya miezi minane au kumi anaiacha getini kila mara.

Preavi, yaani muda wa taarifa kabla ya kuvunja kontra ya kazi, ndiyo kubwa. Kwa sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002, mwajiri anayevunja kontra isiyo na kikomo anatakiwa kutoa siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumika mfululizo. Chukua fundi wa dola 400 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi: siku moja ni dola 15 na kitu. Akiwa na miaka 6 kwa kompani moja, preavi yake ni siku 56, na wakimtoa leo bila kumpa muda huo hawana ujanja ila kumlipa: ni dola 860 hivi. Mwenzake aliyehamia kwingine miezi minane iliyopita ana siku 14, kama dola 215. Tofauti inakaribia 650. Ile nyongeza ya dola 50 itachukua miezi 13 kuifikia, na ni wachache kati ya wanaohamahama wanaofika mwezi wa 13.

Tena kila kontra mpya inafungua majaribio mapya. Sheria inaruhusu mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na hadi miezi 6 kwa wengine. Kompani tatu katika miaka mitatu zinaweza kukuweka miezi 18 ukisimama kwa mguu mmoja. Bei ya kobalti, madini ya migodi ya huku, ikianguka na watu wakapunguzwa, mwajiri akichagua wa kutoa anatakiwa kuangalia ufundi, miaka ya kazi na mzigo wa familia. Kwenye miaka wewe huna la kuonyesha.

Konje, yaani likizo, nayo huiva baada ya mwaka kamili. Ukitoka mwezi wa kumi unalipwa siku zako, sawa, ila mwili haukupumzika. Fanya hivyo mara tatu uone mgongo unasemaje.

Kuna hasara nyingine ambayo wakubwa wa kazi wanaiona haraka kuliko mwombaji mwenyewe. Mtu aliyeingia mgodini mwezi wa tano akatoka mwezi wa kumi hajaona mvua. Hajasimama kwenye pampu usiku maji yakipanda shimoni, hajui barabara ipi hugeuka matope, wala hajakutana na mashine ileile ikiharibika mara ya pili, pale fundi anapogundua kwamba alichotengeneza mara ya kwanza hakikuwa chanzo cha ubovu. Karatasi yake inaonyesha kompani tano. Swali moja tu la kiufundi, na anaanza kutazama dari.

Hatusemi mtu abaki popote. Wazee wa Gécamines, kompani ya migodi ya serikali, waliingia vijana, wakaota mvi humohumo, na kuanzia 2003 zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Vijana waliyaona hayo nyumbani kwao. Mshahara usiolipwa miezi mitatu, kazi ya hatari isiyo na vifaa, kontra ya sutretansi (kompani ndogo inayofanyia kazi kompani kubwa) inayofikia mwisho: hizo ni sababu. Dola 50 peke yake, mara nyingi siyo, hasa kama kazi iko Kolwezi, kilomita zaidi ya 300, na unatakiwa kulipa garanti ya nyumba (amana ya mwenye nyumba) huko huku familia ikibaki Katuba, hapa Lubumbashi.

Ukiamua kutoka, toka na karatasi. Preavi ya mfanyakazi ni nusu ya ile ya mwajiri: mwenye miaka 4 anatoa siku 21 za kazi. Ukikimbia bila kuitoa, fidia iko juu yako na inakatwa kwenye hesabu ya mwisho. Andika barua nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Dai cheti cha mwisho wa kazi chenye aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya CNSS, kasha la taifa la hifadhi ya jamii. Sheria inataka kitolewe ndani ya siku 2 za kazi, bila maneno mengine juu yake, hata kama mliachana kwa ugomvi.

Hiyo namba ndiyo wanaohama hupoteza zaidi. Pensheni inaanza miaka 60, kwa miezi 180 ya michango. Miezi ya waajiri mbalimbali hujumlishwa, mradi kila mmoja alikutangaza kwa namba ileile. Kwa kawaida hapa ndipo panapoharibika: kompani mpya inakuandikisha upya, jina la pili linaandikwa kwa herufi nyingine, au asilimia 5 inakatwa kwako na haifiki kwenye kasha. Basi siku ya kusaini mpe mtu wa ofisi namba ya zamani, usingoje aiulize. Baada ya miezi mitatu nenda CNSS na fishi zako za mshahara, uombe waangalie kama michango inaingia. Ukingoja miaka 20, kompani yenyewe huenda imeshafunga na hakuna wa kumdai.