Ukiulizwa Dini Kwanza ama Ukenya Kwanza

Vijana wa Mombasa huulizwa sana swali hili, na aghalabu anayeuliza ana lake jambo. Mimi niliulizwa nilipokwenda kuomba kitambulisho. Nilishatoa cheti cha kuzaliwa na karatasi za babu, mzee mmoja wa kamati ya kuwahakiki waombaji akanitupia: "Wewe ni Muislamu kwanza ama Mkenya kwanza?" Nikamwambia Muislamu kwanza. Ndilo jibu langu hadi leo. Dini ndiyo inayonizuia kula cha mtu hata pasipo na shahidi, na serikali haifiki huko.

Lakini kuitanguliza dini si kuupuuza uraia. Baba alipofariki, mirathi yetu ilikwenda kwa kadhi. Mama alipata thumni yake, kilichobaki tukagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, kama ilivyo katika Suratun Nisaa. Kabla ya hapo kadhi alitaka cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Jirani yetu Mgiriama, Mkristo, ndiye aliyetusindikiza kwa chifu. Na mahakama ya kadhi yenyewe imo ndani ya Katiba ya 2010, Ibara ya 170, kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 8, yasema hakuna dini ya serikali.

Anayekwambia imani yatosha, mkumbushe Wapemba wa pwani yetu, watu wenye asili ya kisiwa cha Pemba. Twasali nao safu moja, na wengi wamezaliwa huku huku. Hata hivyo, hadi walipotambuliwa rasmi mwaka 2023, wengi waliishi bila kitambulisho, na bila kitambulisho hata laini ya simu huwezi kuisajili kwa jina lako. Udugu wa msikitini ni mkubwa, lakini haukuwapa karatasi hiyo.

Kwa hivyo wadogo zangu, jibuni kilicho moyoni. Ukisema dini, Ibara ya 32 inakulinda na uraia wako haupungui hata chembe. Ukisema Ukenya, usikubali mtu akukufurishe barazani kwa hilo. Ila vyeti vyenu vifuateni mapema, na vya wazazi vitieni mahali pakavu, maana iko siku kadhi naye atavitaka.