Lenzi Inakataa Nikivuta Mpaka Mwisho: Majibu kwa Wapigapicha

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpigapicha hapa Ujiji. Napiga harusi na mahafali, lakini moyo wangu uko kwa ndege wa ziwani. Nina Canon 700D na lenzi ya kuvuta ya 70-300mm, ile ya f/4-5.6. Mwezi uliopita nilinunua telekonveta ya 1.4 ya mtumba, kile kifaa cha kukuza kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, ili nimfikie furukombe anayetua kila asubuhi kwenye mti mkavu upande wa Katonga. Nikiifunga, lenzi inakamata fokasi (picha inakuwa kali) vizuri kwenye 70 na 100. Nikivuta mpaka 300 inakwenda mbele na nyuma ikilia, halafu inasimama kwenye ukungu na shata inagoma. Hata jua likiwa kali ni hivyo hivyo. Fundi mmoja ameniambia mota ya lenzi imechoka, anataka shilingi 80,000 aifungue. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe. Kama lenzi tayari iko mezani kwake, nenda kaichukue leo kabla hajashika bisibisi.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wa pili wa studio yangu nilikuwa na lenzi iliyofanya vituko kama vya yako. Nikaambiwa mota, nikakubali, ikafunguliwa. Iliporudi, vioo vya ndani havikuwa tena mahali pake. Upande wa kushoto wa kila picha ulitoka laini kama umepakwa mafuta, na haikupona, nikaishia kuiweka kabatini. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa na ugonjwa wowote. Sitaki na wewe uingie shimo lile lile.

Katika barua yako kuna maneno yaliyonipa picha yote: inakamata kwenye 70, inakataa kwenye 300. Toa telekonveta, funga lenzi yenyewe kwenye kamera, nenda Kibirizi asubuhi, tafuta mtumbwi wenye jina lililopakwa rangi ubavuni. Herufi nyeupe juu ya mbao za bluu ni shabaha nzuri sana kwa fokasi, maana kingo zake ni kali. Vuta mpaka 300, bonyeza nusu kitufe cha kupigia. Ikikamata mara kumi kwa mara kumi, mota yako ni nzima. Ikikataa kwenye 300 hata bila telekonveta, hapo kweli kuna tatizo ndani. Mara nyingi huwa ni ule utepe mwembamba wa waya unaojikunja kila unapovuta lenzi, ambao huchakaa na kukatika. Hilo ni la fundi, ila fundi anayejua kubadilisha utepe, si wa kubahatisha. Kwa maelezo yako, mimi naamini itakamata.

Sasa tuje kwenye telekonveta yenyewe. Ni vioo vinavyokaa kati ya lenzi na kamera, vinachukua sehemu ya katikati ya picha na kuikuza. Ukuzaji huo unalipiwa kwa mwanga. Ya 1.4 inakula nusu ya mwanga, ya 2 inakula robo tatu. Lenzi yako haina tundu la mwanga la ukubwa mmoja (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo): kwenye 70 ni f/4, na kadiri unavyovuta inashuka mpaka f/5.6 kwenye 300. Ukiweka telekonveta ya 1.4, ile f/4 inakuwa f/5.6, na ile f/5.6 inakuwa f/8. Kamera yako, unapochungulia kwenye kitundu cha juu, imetengenezwa kukamata fokasi mpaka f/5.6. Kwa hiyo kwenye 70 bado umo ndani ya mpaka. Katikati unaanza kubahatisha. Kwenye 300 umeshatoka nje.

Umeniambia hata jua kali halisaidii, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wanadhani ni suala la giza tu. Siyo. Kamera za kioo, zile kama yako zenye kioo cha kuakisi ndani, hupima fokasi kwa kulinganisha mwanga unaopita ukingo mmoja wa tundu la lenzi na ule unaopita ukingo wa pili. Fikiria watu wawili ndani ya chumba, mmoja kushoto na mwingine kulia, kila mmoja anachungulia ziwa kupitia pembe yake ya dirisha. Wakilinganisha wanachokiona, wanajua mtumbwi uko mbali kiasi gani. Sasa sogeza mbao za dirisha zikaribiane. Wote wawili wanaona mbao. Hata nje kukiwa kweupe kama saa sita mchana, ziwa hawalioni. Telekonveta yako imesogeza mbao.

Tazama pia namba ya f kwenye skrini ukiwa umeifunga. Weka kamera kwenye hali ya Av, ile unayochagua tundu mwenyewe, fungua tundu mpaka mwisho, kisha vuta taratibu kutoka 70 hadi 300. Ukiona inapanda 5.6, 6.3, 7.1, 8, telekonveta yako inaiambia kamera ukweli. Ukiona 4 inakwenda 5.6, basi inauficha, na kamera inajaribu kazi isiyoiweza. Ile sauti ya kwenda na kurudi ndiyo hiyo. Utakutana na watu watakaokushauri uzibe pini tatu, vile vidoti vya chuma vinavyounganisha lenzi na kamera, kwa selotepu ili kamera idanganyike hivyo hivyo. Nimejaribu. Juani, kwenye shabaha yenye kingo kali, wakati mwingine inakamata. Kwa ndege kwenye kivuli cha majani ni kupoteza asubuhi nzima.

Kabla hatujaendelea, safisha pini. Hili nalisisitiza kwa sisi wa huku, kwa sababu mikono yetu ina mafuta. Umekula mgebuka wa mawese pale Mwanga, umefuta vidole kwenye suruali, halafu ukabadilisha lenzi. Wiki iliyopita kijana mmoja alileta kwangu telekonveta iliyokuwa inaonyesha f/00, yaani kamera haikuwa inaitambua kabisa lenzi iliyo mbele yake. Niliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pini mbili zilikuwa na utando wa rangi ya chungwa, mwembamba kama ule unaobaki kwenye sahani. Nilichukua kitambaa cha pamba, nikakigusisha spiriti kidogo, nikafuta pini moja moja huku uso wa telekonveta ukitazama chini ili kitu chochote kisidondokee kwenye kioo. Nikasubiri ikauke, nikafunga. Ikasoma. Kumbuka telekonveta ina pini pande zote mbili, na lenzi ina zake, na kamera ina zake. Futa zote nne.

Na usilazimishe kitu kuingia. Telekonveta za Canon zenyewe zina pua ya kioo inayochomoza mbele, na haziingii kwenye lenzi kama yako. Kwa kuwa yako imekaa, ni ya kiwanda kingine na ina uso bapa. Sawa, lakini siku ukiazima ya mtu, tazama kwanza. Kioo kikigonga kioo hakuna spiriti itakayokusaidia.

Sasa furukombe wako. Hesabu hii ifanye nami polepole. Kwa telekonveta, fokasi yako inakubali mpaka karibu na 100. Mara 1.4, unapata 140. Bila telekonveta unapata 300 kamili na fokasi inafanya kazi. Yaani ile sehemu ambayo kifaa chako kipya kinakubali kufokasi, lenzi yako ya zamani inaipita zaidi ya mara mbili ikiwa peke yake!

Akiruka, au akishuka majini kunyakua samaki, piga bila telekonveta, halafu kata picha baadaye. Kamera yako ina megapikseli 18. Ukikata kiasi kile kile ambacho telekonveta ingekukuzia, unabaki na 9 hivi, kama nukta 3,700 kwa 2,470. Hiyo ni karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri. Mteja wako wa kalenda hatajua, nawe hutakosa tukio ukisubiri lenzi imalize kuhangaika.

Akiwa ametulia kwenye mti wake mkavu, hapo telekonveta ina kazi ya kweli, na ningependa uitumie. Funga kamera kwenye stendi. Zima fokasi ya lenzi, weka swichi yake kwenye MF. Washa skrini ya nyuma, sogeza kile kisanduku mpaka kichwani kwa ndege, bonyeza kitufe cha kukuza mpaka picha ikuzwe mara 10, kisha zungusha pete ya fokasi kwa ncha za vidole. Usitafute fokasi kwenye weupe wa kichwa, weupe hauna alama. Tafuta pale weupe wa kifua unapokutana na hudhurungi ya tumbo, manyoya ya hapo yanaonekana moja moja. Shata usishuke chini ya 1/800, maana kwa 420mm hata upepo unaogusa kamba ya kamera unaonekana kwenye picha. Unaweza pia kujaribu fokasi yenyewe kupitia skrini, kwa sababu hapo kamera inapima kwa njia nyingine, kwenye sensa, ile sehemu inayonasa picha. Ni ya polepole, lakini ndege aliyetulia anakupa muda.

Maliza kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo mchanga wa ufukweni unaanza kuchemsha hewa, na kwa umbali ule picha inacheza kama inavyocheza juu ya jiko la mkaa. Siku kama hiyo milima ya Kongo ng'ambo inapindapinda kwenye skrini, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayoinyoosha. Usiilaumu lenzi kwa kosa la hewa.

Ukija kupata fedha, badilisha mwili wa kamera kabla ya lenzi. Canon 7D Mark II, na kwa wenye lenzi za Nikon ile D7200, zinakubali f/8, japo kwa nukta moja ya fokasi, ya katikati. Zile mpya zisizo na kioo, kama Canon R6, zinafokasi mpaka f/22, kwa sababu zinapima kwenye sensa yenyewe. Kwa hizo swali lako halipo kabisa.

SWALI: Mama, mimi niko Uvinza. Nina 70-200mm f/2.8 ya Canon na telekonveta yao ya 2. Inakamata, ila inakokota. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. f/2.8 mara mbili ni f/5.6, uko ndani ya mpaka. Canon wenyewe wamepunguza kasi ya mota kwa makusudi ukiifunga hiyo: kwa robo tatu kwenye ya 2, kwa nusu kwenye ya 1.4, ili fokasi isipitilize. Isaidie kwa swichi iliyo ubavuni mwa lenzi, ile inayoikataza kutafuta karibu, na fokasi kwanza kwenye kitu kilicho umbali ule ule na shabaha yako. Kama picha zinatoka laini kidogo kila mara kwa kiasi kile kile, na kamera yako ina marekebisho madogo ya fokasi, rekebisha upya ukiwa umefunga telekonveta. Kamera inakumbuka lenzi na telekonveta kama jozi yake peke yake.

SWALI: Tunatoka Kasulu kwenda Gombe mwezi ujao kuwapiga picha sokwe. Nibebe telekonveta?

JIBU: Iache nyumbani, ndugu yangu. Mtakaa angalau mita 10 kutoka kwa sokwe, na kwa umbali huo 200 inatosha kwa picha ya kichwa na mabega ya mzee wao. Kinachopungua kule ni mwanga. Miti imefunika, sokwe ni mweusi ndani ya kivuli cheusi, na flashi hairuhusiwi. Ukila nusu ya mwanga uliobaki, fokasi itatafuta kwenye manyoya meusi isione kitu, na muda wenu nao ni saa moja tu. Nenda na lenzi yenye tundu kubwa kuliko zote ulizonazo, weka nukta ya katikati kwenye jicho, au pale nywele zinapokutana na ngozi ya paji la uso. Na beba mfuko wa nailoni wa kufunga kamera kwenye mtumbwi, mawimbi ya mchana wakati wa kurudi Kibirizi yanarusha maji mpaka katikati ya viti.