Kabla hujaandika orodha ya kazi, bandika safari ya mtumiaji ukutani

Wateja wengi wa Kigoma wanaonitafuta niwatengenezee mfumo huja na orodha. Iko kwenye daftari, au imetumwa WhatsApp vipande vipande: ripoti ya mwezi, risiti, kuingia kwa alama ya kidole, meseji kwa wateja, "na iwe ya kwenye simu pia." Usiibishie orodha hiyo, ipokee. Ila usianze kuandika programu kwa kuifuata, maana haisemi nani anafanya nini wala kipi kinatangulia kipi.

Mimi natumia ramani ya hadithi za watumiaji. Hadithi zenyewe zilitoka kwa mtengenezaji programu Kent Beck na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990: badala ya waraka mnene wa mahitaji, kadi moja inabeba sentensi moja ya kile mtu anachotaka kufanya, mengine mnazungumza. Shida ni kwamba kadi zikizidi zinageuka orodha ileile. Jeff Patton, Mmarekani, alianza mwaka 2005 kuandika kuhusu namna ya kuzipanga pande mbili: kushoto kwenda kulia ni hatua za mtumiaji kwa mfuatano wake, juu kwenda chini ni umuhimu. Nadharia imeishia hapo.

Nichukue kazi ya kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma. Tulibandika karatasi za manila ukutani, tukawa na maka peni na kadi tulizokata wenyewe. (Kompyuta ifunge. Ukifungua Trello, programu ya kupanga kadi za kazi kwenye skrini, mapema, mwenye kompyuta ataongea peke yake na wengine watachezea simu.) Sikuwauliza wanataka mfumo uwe na nini. Niliwaomba wanisimulie mzigo mmoja, tangu boti linapofika asubuhi hadi pesa inapoingia mkononi. Kadi za juu zikawa: kununua mwaloni, kuanika, kufungasha, kusafirisha, kukusanya pesa.

Hapo yakaibuka ambayo orodha haikuwa nayo. Mama mmoja alisimama akawa anasoma kadi kwa sauti, alipofika kwenye kuanika akanigeukia: "Sasa mwanangu, mvua ikinyesha unaandika wapi?" Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka, ubora unashuka na wengine wanaoza. Hata jua likiwa zuri, kilo zilizonunuliwa sizo zitakazoingia kwenye gunia, kwa kuwa maji yametoka. Mfumo unaolinganisha kilo zilizoingia na zilizotoka bila kujua hilo ungemfanya karani wao aonekane mwizi kila siku. Kadi mpya ikabandikwa. Punde mwingine akashtuka kwamba hakuna aliyetaja mali kauli, na mzigo wao mwingi unakwenda hivyo: mnunuzi anachukua, anauza, ndipo analipa. Kadi zikajaa chini ya kukusanya pesa: nani anadaiwa, tangu lini, katuma kiasi gani kwa simu, nani wa kukumbushwa.

Kisha mnaikata ramani, yaani mnachagua kadi za kutengenezwa kwanza, na penye kukata ndipo penye ugomvi. Mwenyekiti alitaka tumalize kwanza hatua ya ununuzi yote, pamoja na picha ya mzigo na alama ya kidole, ndipo twende inayofuata. Ni sawa na kununua injini mbili za boti ambalo mbao zake bado ziko porini. Ramani inakatwa kwa mlalo. Unapiga mstari unaopita chini ya hatua zote, na juu yake unabakiza kadi chache kwa kila hatua, zile zinazotosha kuufuata mzigo mmoja mwanzo hadi mwisho. Alistair Cockburn, mtaalamu mwingine wa programu, aliliita toleo jembamba la namna hiyo kiunzi kinachotembea. Swali langu kwa kila kadi lilikuwa hili: hii isipokuwepo, bado tutajua pesa ya mzigo huu iko wapi? Jibu likiwa ndiyo, kadi inashuka. Alama ya kidole ilishuka hadi karibu na sakafu. Ripoti ya mwezi nayo ikashuka, kwani mwezi wenyewe ulikuwa haujaandikwa bado. Juu zikabaki kilo na bei, kilo baada ya kukauka, idadi ya magunia, aliyechukua na alicholipa.

Kadi za chini usizitupe. Mtu akiona wazo lake bado liko ukutani, anatulia.

Tarehe ya kutoa toleo nayo ifuate kalenda ya watumiaji. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki na maboti mengi hupumzika. Siku hizo ndizo za kuleta toleo jipya na kuwafundisha makarani. Ukileta wakati wa giza, mwalo umefurika, hakuna wa kukusikiliza. Ila usizidishe: uvuvi ziwani uliposimamishwa mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, muda wa kutengeneza ulikuwa tele, lakini mzigo wa kujaribia haukuwepo.

Kwa kazi ya kurekebisha hitilafu au kuhamisha seva, ramani haina faida, orodha inatosha. Na kama timu yenu ni ya watu wawili watatu, kukadiria ukubwa wa kazi ya kila kadi kwa pointi ni kupoteza asubuhi. Pigeni picha ukuta kabla feni haijaupeperusha, mambo yaende.

Malipo ninayafunga kwenye mistari hiyohiyo. Mkataba unataja kadi zilizo juu ya mstari wa kwanza na bei yake, nusu inatangulia. Kadi ikitaka kupanda katikati ya kazi, ipande, lakini nyingine ya ukubwa huo ishuke, na wa kuishusha ni mteja mwenyewe, kwa mkono wake.