Wasifu uliosomwa msibani si kumbukumbu ya utumishi

SWALI: Baba yetu mkubwa, aliyefariki mwaka jana, alistaafu jeshini akiwa Brigedia Jenerali. Tunataka kuandaa kitabu kidogo cha utumishi wake pamoja na orodha ya maandishi yake. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi unasema alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) mwaka 1962, akasoma Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi huko Uingereza, kisha katika vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda akaongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala. Barua tulizozikuta sandukuni mwake zinasema mengine. Tufuate upi? Yupo pia mwandishi anayeahidi kumaliza kazi yote kwa wiki mbili. – Msomaji, Arusha

JIBU: Fuateni barua, na wasifu huo muuweke kando hadi kila sentensi yake ipate karatasi ya kuithibitisha. Karibu kila familia inayoniletea kazi ya namna hii huja na kurasa zilezile mbili, zilizochapwa usiku wa kuamkia mazishi kwa kumbukumbu za mjomba mmoja na picha iliyotundikwa sebuleni. Zinaeleza vizuri jinsi marehemu alivyopendwa, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha msomaji mbele ya jeneza.

Tazameni hayo mliyonitajia. Mwaka 1962 hapakuwa na JWTZ. Palikuwa na Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika lililorithi vikosi vya King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, na kuvunjwa baada ya maasi yaliyoanza kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 20 Januari 1964. JWTZ ilianzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Ama mwaka umekosewa, ama jeshi limekosewa, na si jambo dogo, kwa kuwa askari aliyekuwamo kabla ya maasi na bado akaendelea kutumikia ana historia ambayo aliyeandikishwa baadaye hana. Kuhusu Sandhurst, ulizeni kwanza kama haikuwa Mons, chuo cha Aldershot kilichotoa kamisheni, yaani uofisa, kwa mafunzo mafupi, ambako Olusegun Obasanjo wa Nigeria pia alipita. Mons kiliunganishwa na Sandhurst mwaka 1972, na tangu hapo kila ofisa aliyewahi kupigwa kwata Uingereza amegeuzwa na wanawe kuwa mhitimu wa Sandhurst, kana kwamba Mons ilikuwa aibu. Nayo Divisheni ya 20 iliyoingia Kampala Aprili 1979 iliongozwa na Meja Jenerali David Musuguri. Baba yenu mkubwa huenda alikuwa ndani ya divisheni hiyo, jambo ambalo ni heshima tosha; barua ya uteuzi ndiyo itakayosema alikuwa katika kikosi gani na kwa kazi ipi.

Linalonichosha kuliko yote ni kuchanganya cheo na wadhifa, kisha kukichukua cheo cha kustaafia na kukirudisha nyuma hadi siku ya kwanza, ili marehemu aonekane Brigedia Jenerali tangu ujana. Meja anaweza kukaimu nafasi ya Luteni Kanali kwa muda mrefu bila kupandishwa, na kupandishwa cheo mara moja tu kunaweza kuwa na tarehe tatu: ya barua, ya cheo kuanza kuhesabiwa, na ya kuvishwa. Wasifu wa msibani huchukua ya kuvishwa kwa sababu ndiyo yenye picha. Nyinyi andikeni ile ya kuanza kuhesabiwa, na pembeni ya kila tarehe mtaje karatasi ilikotoka; isiyo na karatasi iandikwe kuwa ni kauli ya familia.

Katika maandishi yake, dibaji aliyotia saini si kitabu alichotunga, na mwongozo wa mafunzo uliotolewa kwa jina la jeshi hauwi wake kwa sababu tu nakala ilikutwa kabatini. Insha ya chuo cha ukamanda iwekwe katika fungu la yasiyochapishwa. Yaliyochapishwa yatafuteni Maktaba Kuu ya Taifa na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkinakili ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, kwa kuwa jalada mara nyingi hufupisha. Karatasi yenye muhuri wa siri msiichape wala kuisambaza kwa simu. Peleka swali Makao Makuu ya Jeshi kwa maandishi.

Sasa huyo mwandishi wenu. Kwa wiki mbili hamtapata hata jibu la barua kutoka masjala, hivyo atakachowaletea ni wasifu uleule uliopakwa rangi, ukiwa na nishani mbili tatu za ziada. Kazi za namna hiyo nazikuta kila mara, na madhara yake hayaishii kwenye familia iliyolipa: mwandishi wa habari hunakili kitabu, mwanafunzi humnukuu mwandishi wa habari, na miaka michache baadaye familia nyingine inaniletea tasnifu ya mwanafunzi huyo kama ushahidi kwamba babu yao ndiye aliyeongoza divisheni ileile. Kabla hamjamlipa chochote, mwambieni awaonyeshe nakala ya chapisho moja tu la baba yenu mkubwa aliyoishika mwenyewe, na awatajie maktaba alikoikuta. Akianza kueleza uzoefu wake badala ya kujibu, mwageni.