Uliza Ujibiwe: Mji wa suruali ambao haushoni tena suruali

Swali: Mzee wa majibu shikamoo. Mimi nakaa Walukuba hapa Jinja, mtoto wa dada yangu ako Uingereza anatunza wazee na sasa wamemhamishia mji mdogo unaitwa Hebden Bridge, Yorkshire. Ametuma picha za majengo ya viwanda vya zamani anasema hapo ndio walikuwa wanashona suruali za Uingereza, lakini ukichungulia ndani ni kahawa tu na sabuni za kunukia, na kodi iko juu mpaka yeye analala mji mwingine. Hivyo viwanda vilienda wapi? Na sisi Jinja tunaelekea huko ama?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza ujue watu wa kule hawakuanzia bondeni, walikaa juu mlimani kijiji cha Heptonstall, kila nyumba na mashine yake ya mkono wanafuma sufi karibu na dirisha, bonde lenyewe lilikuwa tope na msitu. Kilichowashusha ni maji. Vijito vya pale vinateremka kwa nguvu, wenye pesa wakaweka magurudumu ya maji, baadaye ikaja mvuke, mfereji wa Rochdale ukakamilika 1804 ukileta makaa na pamba, halafu reli miaka ya 1840, na basi mji ukahamia chini.

Kitambaa chao kiliitwa fustiani, pamba nzito ya suruali za kazi, kodroi, ile ya mistari mistari, ni ndugu yake. Fustiani inafumwa na vitanzi vidogo juu, na kabla mashine hazijaingia kulikuwa na mtu wa kuvikata kwa mkono, kitambaa kinatandazwa kwa meza ndefu, anashika kisu chembamba kirefu anakisukuma ndani ya mstari mmoja mpaka mwisho wa meza, anarudi anaanza mstari wa pili, hivyo kutwa nzima. Kisu kikiteleza umetoboa kitambaa. Mimi nikiona mtu amevaa kodroi siku hizi namfikiria huyo.

Na hawakuwa watu wa kuonewa kimya kimya. Mwaka 1870 wafanyakazi walianzisha ushirika wao wa kutengeneza fustiani wakanunua na kiwanda, Nutclough, ukaenda vizuri mpaka 1918 ukaingia kwa ushirika mkubwa wa Manchester. Kwenye viwanda vya matajiri mambo yalikuwa mengine, wafumaji waligoma kuanzia 1906 hadi 1908.

Vilienda wapi? Vilikufa polepole, nguo za bei rahisi kutoka nje, nailoni, vijana kukataa kazi ya vumbi, kufika miaka ya 1960 milango inafungwa mmoja baada ya mwingine na nyumba zingine zinabomolewa kabisa. Sasa sikiliza hapa maana ndio jibu lako lenyewe: mji haukuokolewa na mpango wa serikali wala mwekezaji, uliokolewa na nyumba kuwa za bei rahisi. Miaka ya 1970 wakaanza kuja wasanii, waandishi, mahipi wa nywele ndefu, baadaye wanawake wengi wanaoishi na wanawake wenzao mpaka mji ukajulikana nchi nzima kwa hilo, wakakarabati, wakafungua maduka, mji ukapendeza, na ulipopendeza wakaja wenye mishahara ya Manchester na Leeds. Wajukuu wa wakata fustiani ndio hao sasa bei imewashinda, na mtoto wa dada yako pia.

Jinja si sawasawa. Nytil, kile kiwanda cha nguo pale Njeru, na wenzake hawakuangushwa na nailoni, ilikuwa siasa, 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, viwanda vingi vikabaki bila wenyewe na mashine bila vipuri. Lakini ukipita Main Street ukaona kahawa za watalii wa Nile chini ya zile nyumba za Kihindi zenye mwaka umeandikwa juu ya ukuta, aah, mwenye kiwanja mjini asikimbilie kuuza.

Swali: Nimeona picha za huko, nyumba zimepandana, mlango mmoja chini barabara hii, mwingine juu barabara ile. Ni ghorofa ama nini? (Dereva, Tororo)

Jibu: Ni nyumba mbili za familia mbili, ssebo. Bonde ni jembamba, wafanyakazi wengi, wakajenga kwa mteremko: wa chini anaingia kwa barabara ya chini na mgongo wa nyumba yake umeingia kwenye udongo, wa juu anaingia nyuma kwa barabara ya juu. Sakafu ya wa juu ndio dari ya wa chini, na kisheria ni mali ya wa chini! Sisi tukidhani kibanja na mailo peke yake, mkaaji na mwenye hati juu ya ardhi ile ile moja, ndio kichwa kinauma.

Swali: Pamba yetu ya Teso ilifika huko? (Mkulima, Kumi)

Jibu: Ilifika Lancashire, ng'ambo ya milima tu. Wenye viwanda wa kule waliunda chama chao 1902 kutafuta pamba ndani ya himaya ili wasitegemee Marekani, na 1903 mbegu zikaletwa Uganda na Borup, mtu wa misheni. Baadaye nyingi iliishia Bombay, maana Wahindi walikuwa wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambua pamba hapa.

Swali: Kijana wangu anasoma Manchester, siku moja aende aone nini bila kumaliza hela? (Mama Wawili, Mbale)

Jibu: Treni kutoka Manchester Victoria, haimalizi saa nzima. Apande Heptonstall kwa miguu, ile njia ya mawe ni kali kweli, halafu ashuke Hardcastle Crags msituni kuna Gibson Mill, kiwanda cha pamba cha karibu 1800 cha gurudumu la maji, kilipofungwa watu wakakigeuza mahali pa kucheza dansi na kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Aangalie hali ya hewa kwanza, mito miwili inakutana katikati ya mji na 26 Desemba 2015 maji yaliingia madukani. Na raba nzuri, nyabo, si vile viatu vya kanisani.